Mbwa na miti ya sumu: tukague uzio wetu kabla ya kumtuhumu jirani

Uzio Hai (mwanzisha uzi), Arusha

Wakuu, heshima kwenu.

Humu ndani kuna nyuzi nyingi za watu waliofiwa na mbwa, na karibu zote zinaishia pale pale: "jirani kaweka sumu". Sikatai. Majirani wa namna hiyo wapo, na sumu ya panya pamoja na dawa za kuogeshea ng'ombe zinaua mbwa wengi. Lakini kazi yangu ni bustani na uzio, naingia nyua za watu kila siku, na ninachokiona kinanilazimu niandike. Mbwa wengi wanalala, wanacheza au wamefungwa mnyororo hatua chache kutoka kwenye mti ambao ukitafunwa unasimamisha moyo. Na mti huo kaupanda mwenye nyumba mwenyewe.

Angalieni tunavyochagua mti wa uzio. Ukimuuliza fundi mti gani unafaa, jibu la kwanza ni "panda huu, mbuzi hawali". Hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Sasa mbuzi anakula karibu kila jani; ukiona mti anaupita bila kuugusa, ujue una sababu. Ama una utomvu unaounguza, ama jani lake lina sumu. Kwa hiyo tumezungusha sumu kwenye nyumba zetu kwa makusudi, maana ndiyo inayoufanya uzio udumu. Mbuzi anajua kuukwepa. Mtoto wa mbwa anayeota meno hajui, yeye anatafuna kila kinachofika mdomoni.

Nianze na oleanda kwa sababu ndio unaonitisha zaidi. Ni mti wa majani membamba, marefu na magumu, maua ya pinki, meupe au mekundu. Upo kando ya barabara, mahotelini, kwenye ofisi, na majumbani umejaa. Sumu yake inashika moyo moja kwa moja. Mbwa anaanza kwa kutapika na kutokwa mate, anaharisha, halafu mapigo ya moyo yanakwenda ovyo na kupungua. Anaweza kufa ndani ya saa chache. Yupo na ndugu yake wa maua ya njano, tevetia, mwenye tunda la kijani lenye pembe na kokwa ngumu ndani. Sumu yake ni ya kundi hilo hilo, na tunda lake likidondoka linabiringika kama mpira, watoto wa mbwa wanaligombania.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo hasa lililonifanya nianzishe uzi. Jani bichi la oleanda ni chungu sana. Mbwa mkubwa akilionja mara nyingi hulitema. Likikauka uchungu unapungua, sumu inabaki. Kwa hiyo hatari kubwa haipo siku zote kwenye mti uliosimama, ipo kwenye lile rundo la matawi linaloachwa pembeni baada ya kupogoa. Kuna nyumba moja niliitwa kuangalia uzio baada ya mbwa wao jike kufa usiku. Familia ilikuwa imeshagombana na jirani mpaka mjumbe akaitwa. Matawi yaliyokatwa wiki iliyotangulia yalikuwa yamerundikwa nyuma ya banda la mbwa, na mbwa alikuwa ameyageuza kitanda. Kwenye matapishi kulikuwa na vipande vya majani, vyembamba, vyenye ule mshipa mnene wa katikati uliochongoka na vishipa vidogo vilivyonyooka kwenda pembeni. Jani la oleanda hulipotezi ukishalijua. Nilimwonyesha mwenye nyumba jani la mtini na la kwenye matapishi, akayaweka sambamba, akanyamaza, kisha akaenda mwenyewe kwa jirani.

Matawi haya msiyachome karibu na nyumba pia, moshi wake ni mbaya. Na msichongee vijiti vya mishkaki.

Mnyaa. Wa Dodoma, Singida na Shinyanga hamhitaji maelezo. Wamaasai wanauita manyara, ndiko lilikotoka jina la lile ziwa. Huu hauui kwa urahisi, mateso yake ni utomvu. Mbwa akipenya kwenye uzio akivunja vijiti, ule utomvu mweupe unamrukia machoni na jicho linavimba, linafumba, na mbwa anaweza kukosa kuona kwa muda. Akitafuna, mdomo na ulimi vinababuka. Osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi, dakika kumi na tano au zaidi bila kukata, ndipo uende kwa daktari. Manyoya yaoshe kwa maji na sabuni laini, na wewe vaa glavu, maana mkono wenye utomvu ukijipangusa uso nawe ni mgonjwa.

Mbono kaburi na mnyonyo. Hizi ni mbegu. Mbono kaburi unapandwa mipakani na makaburini, mnyonyo unajiotea kila jalala. Mbegu ya mnyonyo ina sumu kali iitwayo risini, na ikimezwa nzima inaweza kupita bila madhara makubwa kwa sababu ganda ni gumu, lakini mbwa hutafuna. Kutapika, kuharisha damu, kuishiwa nguvu, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku ya pili. Tena wale mnaotumia mashudu ya nyonyo kama mbolea: mafuta yakishakamuliwa, risini inabaki kwenye mashudu. Mbwa anaifukua mbolea hiyo na kuila kwa sababu inanukia chakula. Kama una mbwa, usiitie bustanini kabisa.

Maturituri ni hivyo hivyo. Zile punje nyekundu zenye doa jeusi tunazotunga shanga, sumu yake ni ya aina moja na risini. Shanga ikikatika, okota zote.

Kuna mti mdogo unaopendwa sana Nairobi, Arusha na Moshi, brunfelsia. Maua yake yanafunguka zambarau, kesho yake yamefifia, keshokutwa meupe, yote kwenye mti mmoja, na harufu yake jioni ni tamu. Mbwa wanapenda vitunda vyake. Akivila anatapika, anakohoa, kisha anatetemeka na kukakamaa, kila akishtuliwa na sauti au mguso anarudia tena, na hali hiyo inaweza kwenda siku kadhaa. Ukiiona mara moja unaapa ni sumu ya kutegeshewa, maana inafanana kabisa na ile ya strikinini waliyokuwa wakiulia mbwa zamani. Majirani wamesingiziwa sana kwa mti huu.

Sijamaliza, nitaongeza kadiri mtakavyouliza. Mlio na uzoefu karibuni, hasa madaktari wa mifugo.

Naomba kuwasilisha.

---

Mzee wa Uwanda, Singida

Mkuu nakuheshimu, ila mbwa wangu wa kienyeji wanakula majani kila siku na uzio wangu ni mnyaa tangu enzi za marehemu baba. Hakuna aliyekufa. Mbwa anajua dawa yake mwenyewe porini. Nadhani hofu hii ni ya mbwa wa kizungu wanaolelewa ndani.

---

Uzio Hai

Mzee wangu shikamoo. Unachokisema kina ukweli na sitaki kukipuuza. Mbwa kula nyasi ni kawaida, na mbwa mzima aliyekulia huru akizunguka anajifunza. Mbwa anayepata shida ni mwingine: mtoto wa mbwa, au mbwa aliyefungwa mnyororo tangu asubuhi mpaka usiku, hana la kufanya, anatafuna kilicho mbele yake. Huyo hachagui. Na siku hizi mijini mbwa wengi, hata hao wa kienyeji, wanaishi hivyo. Uzio wa baba yako mbwa walikuwa wanauzunguka. Sasa hivi tunawafungia chini yake.

Damu ya kizungu au ya kienyeji haibadilishi kitu. Oleanda haijui kabila la mbwa.

---

Daktari wa Kijiji, Morogoro

Ahsante sana mwanzisha uzi. Mimi ni daktari wa mifugo, na kuna jambo moja naomba kila mwenye mbwa alichukue leo.

Ukienda duka la dawa za mifugo ukasema "mbwa kala sumu", mara nyingi utapewa atropini achomwe haraka. Sababu ni kwamba sumu nyingi zinazoletwa ni dawa za wadudu za oganofosfeti, na kwa hizo atropini inaokoa kweli. Lakini mbwa aliyekula mnanaha, ule wa maua marefu ya tarumbeta na tunda la miiba linalojiotea majalalani, au ndugu yake wa bustanini mwenye maua makubwa yanayoning'inia kuelekea chini, ukimchoma atropini unamwongezea sumu ile ile aliyokula. Mnanaha una atropini ndani yake, pamoja na skopolamini.

Tofauti mnaweza kuiona kwa macho, wala haihitaji maabara. Aliyekula dawa ya wadudu anamwaga mate, machozi yanamtoka, anaharisha na kujikojolea, na mboni za macho zimesinyaa zikawa vidoti. Aliyekula mnanaha mdomo ni mkavu mpaka ulimi unagandana na ufizi, mboni zimepanuka jicho lote limekuwa jeusi, moyo unakimbia, anahangaika huku na huku na kukwepa mwanga. Mfungue mdomo na umwangalie machoni kabla hujanunua chochote, halafu umwambie daktari ulichokiona.

La pili, mambo ya nyumbani. Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta ya kula ni hatari, mbwa aliyelegea yanamwingia mapafuni. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa hospitali, ule umeandaliwa kwa namna ya pekee ili unyonye sumu. Na chumvi, nawaombeni sana, acheni kutapisha mbwa kwa maji ya chumvi. Chumvi ikizidi kwenye damu inamletea degedege, na nimepokea mbwa walioletwa na chumvi ikiwa tatizo kubwa kuliko kile walichokula.

Kutapisha tunafanya sisi, kwa dawa, na si kila mara. Mbwa anayetetemeka, aliyelegea, au aliyekula kitu kinachounguza kama utomvu wa mnyaa, hatapishwi.

Njooni na kitu kimoja cha maana: tawi la mti wenyewe, lenye jani na tunda, au matapishi ndani ya mfuko wa plastiki. Na saa aliyokula, hata kwa kukadiria. Mkiwa na hivyo viwili mmenipunguzia nusu ya kazi.

---

Zabibu za Dom, Dodoma

Daktari na mwanzisha uzi, ahsanteni. Huku kwetu msimu wa zabibu unakuja mara mbili kwa mwaka na mbwa wanalinda mashamba. Nimesikia zabibu ni sumu kwa mbwa, wengine wanasema ni uzushi kwa sababu mbwa wao wanakula kila msimu na hawana shida. Lipi ni lipi?

---

Daktari wa Kijiji

Si uzushi ndugu yangu. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba mbwa mmoja anakula kichala kizima hapati kitu, mwingine anakula chache figo zinakufa. Hakuna kiasi tunachoweza kusema ni salama. Anatapika ndani ya siku ya kwanza, anakataa chakula, kisha siku ya pili au ya tatu mkojo unapungua hadi unakatika. Watu wanakuja wakati huo, tumeshachelewa. Ukija saa mbili za mwanzo tunamtapisha na kumwekea dripu, na wengi wanapona.

Kwa miaka mingi sababu haikujulikana. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama kule Marekani, walitoa hoja kwamba ni asidi ya tatariki, iliyo nyingi kwenye zabibu na ambayo kiasi chake hubadilika kulingana na aina ya zabibu na ukomavu wake. Ndiyo maana madhara hayafanani. Na sasa sikilizeni watu wa Dodoma: mwaka 2022 wakachapisha taarifa za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju. Ukwaju nao umejaa asidi hiyo hiyo.

Kwa hiyo makapi ya ukwaju mnayochuja kutengenezea juisi, yale yenye nyuzi na mbegu, msiyamwage uani ambako mbwa anafika. Yana utamu, hasa mkishaweka sukari, na mbwa anayalamba yote. Makapi ya zabibu kutoka wanakotengeneza mvinyo yawe vivyo hivyo, yafukiwe au yafunikwe.

---

Zabibu za Dom

Nimeelewa daktari. Kwetu ukwaju tunaukamua kila siku na makapi yanamwagwa nyuma ya jiko, pale pale mbwa wanapopewa ugali. Nimemwambia mke wangu sasa hivi na amekwenda kuchimba shimo.

---

Mwambao, Kilwa

Salaam aleikum. Mwanzisha uzi umeusahau mtapo, na huku pwani ndio wa kuutaja kwanza.

Kwa wasioujua, unafanana na mnazi mfupi, shina nene lenye magamba, majani magumu yamepangika kama unyoya. Makuti yake tunapambia arusi na maulidi. Siku hizi kila hoteli na kila nyumba ya maana imeweka mtapo au yule saikasi wa kutoka Asia mlangoni, kwenye chungu kikubwa.

Bibi zetu wakati wa njaa walikula mtapo. Lakini mnajua walivyokuwa wanafanya? Mbegu zinakatwakatwa, zinaanikwa, zinalowekwa na kubadilishwa maji siku nyingi, ndipo zinatwangwa unga. Aliyefanya haraka alijuta. Sasa kama chakula hicho binadamu alikipitisha kazi yote hiyo ili kisimdhuru, mbwa anayeiokota mbegu chini ya mti na kuitafuna anakula sumu yote ilivyo.

Mbwa wa rafiki yangu alikula mbegu hizo. Alitapika usiku, asubuhi akawa mzima, akala, wakashukuru Mungu. Siku ya tatu macho yakawa manjano. Hakupona.

---

Daktari wa Kijiji

Pole kwa rafiki yako, na ahsante kwa kueleza ile siku ya katikati, maana hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Sumu ya mtapo inaua ini. Tumbo linatulia, mbwa anaonekana mzima, huku ini linakufa taratibu. Mti mzima una sumu, hata mizizi, ila mbegu ndiyo kali zaidi; moja au mbili zinatosha kumwangusha mbwa. Hata tukimtibu, wengi tunawapoteza. Akila mtapo, msisubiri dalili. Njooni siku hiyo hiyo, hata kama anacheza.

Mkiwa na mtapo jike na hamtaki kuung'oa, likitokeza lile bunda la mbegu katikati, likateni kabla halijakomaa na kuanza kuangusha.

---

Nyanda za Juu, Laikipia

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nasoma kutoka Kenya na nina la kuongeza kuhusu mti ambao mbwa hauli, lakini unamuua hata hivyo.

Huku kwetu kuna mti wa sumu ya mishale, msungu, Wamaasai wanauita olmorijoi. Sumu yake nayo ni ya moyo, ndiyo wawindaji walikuwa wanaichemsha mpaka inakuwa nzito nyeusi na kupaka mishale ya kuulia tembo. Kuna panya mkubwa, karibu ukubwa wa sungura, manyoya marefu, ana mistari myeupe na myeusi ubavuni. Panya huyu anatafuna gome la msungu na kujipaka mate yenye sumu kwenye nywele za ubavu. Nywele hizo zina matundu madogo madogo zinayanyonya mate na kuyashika. Mbwa akimkuta, panya hakimbii, anajigeuza ubavu na kuipanua ile mistari, kana kwamba anamkaribisha amng'ate pale. Mbwa aking'ata anaanza kutokwa povu na kulegea, wengine wanakufa.

Wazee walilijua hili tangu zamani. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon na wenzake walilichapisha kisayansi, na mwaka 2020 watafiti wengine wakalithibitisha kwa panya waliowakamata hapa hapa Kenya.

Kwa hiyo nyinyi mnaotembea na mbwa msituni jioni, mfunge kamba. Mbwa wa kuwinda ndio wanaoumia zaidi kwa sababu wamefundishwa kung'ata kwanza. Akimng'ata panya huyo, mfute na kumsafisha mdomo kwa maji, kichwa kikiinama ili asimeze, na umkimbize kwa daktari bila kumkimbiza yeye kwa miguu. Mbebeni. Moyo ulioguswa na sumu hii hautaki mazoezi.

---

Mama Watoto Wanne, Mbeya

Nimesoma yote. Naomba kuongeza ya jikoni maana wengi tunawapa mbwa makombo. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Mchuzi wa pilau unaobaki sufuriani una vitunguu vingi kuliko tunavyofikiri. Mbwa wangu alikuwa analegea, ufizi mweupe, daktari akaniuliza anakula nini. Tangu nilipoanza kumtengea ugali wake na dagaa kabla sijaunga, amerudi vizuri.

Na walio Kyela, kakao mkianika kwenye mikeka mbwa wafungieni mbali. Kokwa za makadamia nazo zinamlegeza miguu ya nyuma, ingawa za makadamia hupona ndani ya siku moja mbili.

---

Daktari wa Kijiji

Mama umesema vyema. Niweke kipimo: kitunguu kuanzia gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kinaweza kuleta shida. Kwa mbwa wa kilo 10 ni gramu 150, kitunguu kimoja kikubwa au viwili vya wastani. Na kidogo kidogo kila siku nacho kinajumlika. Saumu ni kali zaidi ya kitunguu maji.

---

Mpangaji, Dar es Salaam

Mimi nimepanga, Mbezi. Uzio wote ni tevetia ya maua ya njano na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kung'oa, anasema umemgharimu. Nina watoto wa mbwa wawili. Nifanyeje? Na je, parachichi? Kuna mti mkubwa katikati ya uwanja.

---

Uzio Hai

Dada, huhitaji kung'oa. Nunua waya wa kuku, simamisha vigingi nusu mita hadi mita moja ndani ya uzio, uzungushie upande wanaoishi mbwa. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu kupogoa matawi ya chini, yale yanayogusa ardhi. Uzio hautaharibika, utanenepa juu. Kisha asubuhi, kabla hujawafungulia watoto wa mbwa, fagia chini ya uzio na uokote matunda yote. Si jioni. Matunda mengi utayakuta yameanguka usiku. Weka kwenye mfuko uliofungwa, usiyatupe jalala la wazi ambako mbwa wa mtaa wanafika.

Siku fundi akija kukata uzio, simama naye. Matawi yaondoke uani siku hiyo hiyo, hata kama ni kumlipa kijana wa mkokoteni. Hili ndilo naliomba kwa kila mteja wangu na sirudi nyuma.

Na wape cha kutafuna. Mtoto wa mbwa atatafuna tu. Kipande cha kamba nene iliyofungwa mafundo, au ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa, kinamtosheleza na kumtoa kwenye miti.

Parachichi wala lisikutie hofu kwa sumu. Linasumbua sana ndege, mbuzi na farasi, mbwa analistahimili. Shida ya mbwa ni kokwa, akiimeza inaziba utumbo. Okota kokwa, basi.

---

Mwambao

Mwanzisha uzi, sasa sisi tunaotaka kupanda upya tupande nini? Tusije tukaambiwa kila mti ni sumu.

---

Uzio Hai

Swali zuri mkuu. Hibiskasi ya maua mekundu ni salama kwa mbwa, inakubali kukatwa, na pwani inastawi bila shida. Bugenvilia nayo: ulinzi wake ni miiba, na mwiba mbwa anauona na kuukwepa. Kwa wanaotaka sura ya mtende kwenye chungu badala ya mtapo, chukueni areka, ule wa mashina mengi membamba ya kimanjano yanayotoka pamoja. Ni salama. Mkienda kwenye vitalu vya barabarani msikubali kuambiwa "yote ni mitende", angalieni shina: mtapo una shina moja nene la magamba na jani lake likishikwa linachoma.

Duranta, ile ya vitunda vya njano inayokatwa vizuri kama ukuta, mimi siipandi tena kwenye nyumba yenye mbwa. Vitunda vyake vinaleta usingizi mzito na degedege. Kwa aliyonayo tayari, ikatwe mara kwa mara isipate nafasi ya kutoa maua, maana isipotoa maua haitoi tunda.

Ndani ya nyumba, alokasia na ile mimea inayotambaa yenye majani ya moyo tunayoiweka kwenye chupa ya maji, ipandisheni juu. Haiui, ila mdomo unawasha na kuvimba, mbwa analia. Akiitafuna, hapo maji au mtindi kidogo unaruhusiwa kumpoza.

Kama una mti usioujua, weka picha hapa. Naomba picha tatu kwa kila mti: jani kwa karibu upande wa chini, ua, na tunda. Picha ya mti mzima kutoka mbali hainisaidii. Na ukivunja jani, useme kama linatoa utomvu na ni wa rangi gani. Nitajibu kila jioni nikitoka kazini.

---

Mpangaji

Waya nanunua kesho. Naambatanisha picha za mti mwingine ulio karibu na bomba la maji, utomvu wake ni mweupe, jani nene, maua ya pinki yenye koo jeupe, shina limevimba chini.

---

Uzio Hai

Hilo ni waridi la jangwani, adeniamu. Nayo ni sumu ya moyo, ukoo mmoja na oleanda. Kwa kuwa ni fupi na ipo chini wanakofika, usiisubirishe mpaka waya uje. Ukiwa na glavu, iweke kwenye chungu na uipandishe juu ya ukuta leo.